Kwa nini polisi ndio wanaoongoza kupinga bangi ya tiba hapa Kansas?

Binti_Tambarare

Wadau, habari za jioni. Niko Kansas, Overland Park, na kati yangu na Missouri ni mwendo wa dakika chache tu kwa gari. Mama mkwe anaishi nasi. Ana ule ugonjwa wa neva unaokaza misuli ya miguu, na usiku ndio humbana zaidi. Daktari wake alitwambia bila kuficha: angekuwa mkazi wa upande wa pili angemshauri ajaribu bangi ya tiba, misuli ilegee apate kulala. Upande huu hana cha kumwandikia.

Juzi nikakaa nikatazama rekodi ya kikao cha kamati ya Seneti ya jimbo kule Topeka, mji mkuu wetu, cha mwaka 2024, kuhusu mswada wa bangi ya tiba. Nilidhani nitaona madaktari wakibishana na madaktari. Walioongoza kupinga wakawa mkurugenzi wa KBI, yaani ofisi ya upelelezi ya jimbo, na vyama vya masherifu na vya wakuu wa polisi. Mswada ukawekwa kando.

Swali langu ni la kweli, sina kejeli. Polisi anaingiaje kwenye dawa ya misuli? Na kwa nini wabunge wanamsikiliza kuliko mgonjwa? Tafadhali nisiambiwe "vuka tu ukanunue".

Kijana_KC

Pesa. Wanakula kwenye hizo kesi. Halafu vuka tu ukanunue dada, Missouri wanamuuzia yeyote aliyefikisha miaka 21, hata kitambulisho cha Kansas wanakipokea.

nesi_wa_usiku

Kijana, mwenzako kaomba jambo moja na wewe umelifanya hilohilo.

Dada, kabla ya yote: mama mkwe ni raia au ana kadi ya kijani? Kwa serikali kuu bangi ni haramu hata kama jimbo limeruhusu, na idara ya uhamiaji ilitoa mwongozo Aprili 2019 unaosema wazi kwamba kutumia bangi, hata palipo halali kwa sheria ya jimbo, kunaweza kumkosesha mtu uraia kwa kigezo cha tabia njema. Kufanya kazi kwenye duka la bangi nako hivyohivyo. Watu wetu wengi hawalijui hili, wanaenda kwenye usaili wanajibu kwa uaminifu na uso wa furaha. Na ukikamatwa nayo Kansas, hata mara ya kwanza na kiasi kidogo, ni kosa linaloweza kukufunga hadi miezi sita na faini hadi dola 1,000.

Swali la polisi nawaachia wanaowajua. Nadhani Mzee wa Zamu atapita hapa.

MzeeWaZamu

Nimepita. Binti, msalimie sana mama.

Nilikuwa naibu wa sherifu Colorado, kaunti ya mashambani, kabla sheria haijabadilika na baada yake. Nimestaafu, hakuna chama kinachonilipa, kwa hiyo nitasema nilichokiona.

Nianze na harufu, maana kazi ya doria ilikuwa inaanzia hapo. Bangi ikiwa haramu, harufu yake ikitoka dirishani ni ufunguo wa gari zima. Hati ya hakimu huihitaji. Unamsimamisha mtu kwa taa ya nyuma iliyoungua, unainama, unasema "nasikia harufu", basi unapekua mpaka chini ya tairi la akiba. Bastola iliyoibwa, vidonge, mtu anayetafutwa na mahakama, mengi tuliyapata kwa njia hiyo. Siku jimbo likisema fulani ana ruhusa ya kubeba bangi kwa karatasi ya daktari, harufu peke yake haitoshi kuonyesha kosa. Mbele ya kamati afisa hawezi kulieleza hivyo. Atasema "tutapoteza nyenzo muhimu ya kazi". Nyenzo yenyewe ndiyo hiyo, na mimi niliitumia miaka mingi bila kujiuliza ni wangapi tuliowapekua tusikute kitu.

Mbwa naye yumo. Mbwa wa dawa za kulevya hufundishwa harufu kadhaa kwa mpigo: bangi, kokeini, heroini, methi. Akiketi kando ya mlango wa gari hakwambii ni ipi. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Colorado iliamua kesi ya McKnight, na mbwa wa kesi hiyo aliitwa Kilo, jina lililompata kwelikweli. Mahakama ikasema: maadamu bangi ni halali kwa mtu mzima, kumzungusha kwenye gari mbwa anayeinusa bangi ni upekuzi, na polisi awe na sababu ya kutosha kabla hajamfungulia. Kumsahaulisha mbwa harufu aliyokwisha kufundishwa ni kazi isiyoaminika mahakamani, kwa hiyo idara nyingi ziliwastaafisha wa zamani zikaanza na wapya. Kwa idara yenye mbwa mmoja aliyenunuliwa kwa michango, hilo ni pigo, na msiwacheke wanapolitaja.

Sasa pesa. Kijana ana hoja ila kaitupa tu. Tangu 1984 kuna mpango ambao polisi wa kaunti anakabidhi mali aliyokamata kwa serikali kuu, serikali kuu inaitaifisha, kisha inamrudishia hadi asilimia 80. Inayoshtakiwa ni mali yenyewe. Mwenye mali anaweza asishtakiwe kwa lolote. Mfano uko hapohapo Kansas. Mei 2021, barabara kuu ya I-70, kaunti ya Dickinson, gari la kampuni ya Empyreal inayosafirisha fedha lilisimamishwa. Lilikuwa limebeba zaidi ya dola 165,000, mauzo ya maduka ya bangi ya tiba yenye leseni za Missouri, linaelekea Colorado. Zikachukuliwa. Bangi yenyewe haikuwamo garini. Kampuni ikaenda mahakamani Januari 2022. Niambieni, sherifu wa kaunti iliyokaa juu ya barabara hiyo, kati ya majimbo mawili yaliyohalalisha, bajeti yake ameipangaje?

Hata hivyo askari wa kawaida haamki asubuhi akiwaza asilimia 80. Hayo ni ya wakubwa. Yeye anawaza barabara, na hapa niko upande wake. Mlevi wa pombe unampa kipulizio, namba inatoka, hakimu anaielewa. Kwa bangi hakuna kipulizio cha namna hiyo. Unampeleka mtu akatolewe damu, na damu inakwambia tu kwamba THC, kile kinacholevya ndani ya bangi, imo. Haikwambii kama alikuwa amelewa wakati anaendesha. Colorado waliweka nanogramu 5 kwa mililita ya damu: ukizidi hapo, baraza la wazee wa mahakama linaruhusiwa kudhani ulikuwa umelewa. Sasa mfikirie mgonjwa kama mama mkwe wako, anayetumia kila usiku. Asubuhi anaweza kuwa na akili timamu kabisa na damu yake bado iko juu ya hiyo 5. Na kijana aliyevuta mara moja jana akagonga mtu, mpaka mnafika hospitali namba yake imeshashuka. Kipimo kinamwonea wa kwanza na kumwachia wa pili. Nimesimama kizimbani nikieleza hili kwa wakili anayelipwa vizuri kunizidi. Polisi akililalamikia, msikilizeni, analijua.

Halafu kuna serikali kuu. Sheria ya dawa ya 1970 iliiweka bangi kundi la kwanza, pamoja na heroini, kundi la vitu vinavyohesabiwa kuwa havina matumizi ya tiba. Mwaka 1988 jaji wa DEA mwenyewe (idara ya serikali kuu ya kupambana na dawa za kulevya), Francis Young, alisikiliza ushahidi akapendekeza ishushwe hadi kundi la pili. Mkuu wa DEA akakataa. Kwa hiyo naibu wa sherifu anaapa kulinda sheria za jimbo na katiba ya nchi, kisha anakuta mche ule ule ni dawa kwa moja na ni kosa kwa nyingine. Agosti 2002 huko California, kaunti ya Butte, maafisa walifika nyumbani kwa mama mmoja, Diane Monson, mwenye miche sita. Manaibu wa sherifu wakasema huyu yuko ndani ya sheria ya jimbo. Watu wa DEA wakasema hapana. Wakavutana kwa muda wa saa tatu pale uani, askari kwa askari, na mwisho DEA wakaing'oa yote sita. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na 2005 serikali kuu ikashinda kwa majaji sita dhidi ya watatu. Nilipoisoma kesi ile niliwahurumia wale manaibu kuliko wote, nanyi mtanisamehe. Tangu Desemba 2014 Bunge la Marekani huinyima wizara ya sheria fedha za kuingilia mipango ya tiba ya majimbo, kwa hiyo hoja ya "serikali kuu itatushukia" imechuja. Bado inasemwa.

Nije kwenye swali lako la pili, ambalo ndilo zito. Kwa nini wanasikilizwa?

Angalia ni wapi polisi wameshindwa. California 1996: sherifu wa kaunti ya Orange, Brad Gates, aliongoza kampeni ya kupinga, wapiga kura wakapitisha kwa karibu asilimia 56. Florida, chama cha masherifu kilipinga 2014, na hoja ikapata asilimia 57 na kitu ikaanguka kwa sababu kule inatakiwa 60. Ikarudi 2016 ikapata 71. Missouri jirani yako 2018, karibu thuluthi mbili. Nebraska 2024, mwanasheria mkuu wa jimbo akipinga waziwazi, karibu asilimia 71. Kote huko wananchi walikusanya sahihi wakapeleka swali kwenye kura moja kwa moja.

Kansas haina njia hiyo. Katiba yenu haimruhusu mwananchi kukusanya sahihi akapeleka sheria kwenye kura. Ni lazima ipite bungeni, na bungeni inapita kwenye chumba cha kamati. Mwaka 2021 Baraza la Wawakilishi la Kansas lilipitisha mswada wa bangi ya tiba kwa kura 79 dhidi ya 42. Seneti haikuupigia kura. South Carolina vilevile hawana kura ya sahihi: Seneti ikapitisha 2022, mkuu wa upelelezi wa jimbo, Mark Keel, akiwa amepinga mwaka baada ya mwaka, na ukafia kwa Wawakilishi.

Kwenye chumba cha kamati polisi ana kitu ambacho mama mkwe wako hana. Anakuja akiwa kazini, analipwa, gari na mafuta ya kaunti. Mimi nilishapelekwa kikao cha namna hiyo. Tukaambiwa tuvae sare zilizopigwa pasi, tukae mstari wa pili ambako kamera inaona. Sikufungua mdomo siku nzima. Kazi yangu ilikuwa kuonekana. Mgonjwa aliyekuja siku ile alikuwa na kiti cha magurudumu, alipewa dakika chache, na kabla hajamaliza akakatizwa kwa adabu. Na mbunge yule ana uchaguzi mbele yake. Kumkasirisha mgonjwa mmoja ni jambo dogo. Kumpa mpinzani wake nafasi ya kusema "huyu alipigiwa kelele na masherifu wote" ni jambo jingine.

Ndiyo maana nasema polisi aulizwe ya polisi. Barabara, wizi wa maduka yenye fedha taslimu, mpaka wa jimbo, hayo ana ushahidi nayo. Nilichokiona siku ile ni wenzangu wakieleza kama bangi inatuliza kichefuchefu cha kemo, yaani dawa za saratani, na wabunge wakiandika. Hakuna hata mmoja wetu aliyesomea hilo.

Dereva_I35

Mzee heshima yako. Lakini mimi nashuka Oklahoma kila wiki, na kama polisi wa Kansas wanaogopa, wameona kwa macho. Walipitisha 2018 eti ya tiba. Leseni ya biashara dola 2,500 tu, maduka yakapita 2,000, mashamba yakajaa, mengine ya watu waliokodi majina ya wengine. Novemba 2022 watu wanne waliuawa kwenye shamba moja kaunti ya Kingfisher. Hiyo ni dawa ya misuli?

MzeeWaZamu

Dereva, hilo ni kweli lote, na kila sherifu wa Kansas anaanza nalo. Ndiyo hoja yao yenye nguvu kuliko zote na mimi siidharau.

Ila angalia sheria yenyewe ilivyoandikwa. Oklahoma haikuweka orodha ya magonjwa. Daktari akisaini, umepata kadi, hata kwa kukosa usingizi kwa sababu jirani ana jogoo. Na haikuweka kikomo cha leseni mpaka walipofunga mlango Agosti 2022. Masherifu wanaijua tofauti hiyo. Wangeweza kuja kamatini wakasema "pitisheni, lakini leseni ziwe chache, mkulima akaguliwe, magonjwa yatajwe". Wanakuja wakisema usipite kabisa, na wanaonyesha Oklahoma. Minnesota, iliyobana hayo yote, hawaigusi.

nesi_wa_usiku

Umenigusa. Nilifanya kazi Minnesota miaka ile. Mwaka 2009 bunge lilipitisha mswada wa tiba, Gavana Pawlenty akaukataa akisema anasimama na vyombo vya usalama. Akaja Dayton, wa chama kingine, naye akasema hatasaini kitu ambacho polisi hawajakikubali. Kwa hiyo mwaka 2014 sheria iliandikwa polisi wakiwa wameshika kalamu. Kuvuta marufuku, maua makavu marufuku. Vidonge, mafuta na mvuke tu. Watengenezaji wawili kwa jimbo zima. Orodha fupi ya magonjwa.

Masherifu hawakupata mashamba ya Oklahoma. Wagonjwa wangu walipata chupa ndogo ya mafuta ambayo bima hailipi hata senti. Kuna waliojiandikisha, wakanunua mara moja, wakarudi kwa yule wa mtaani kwa sababu ni nafuu. Maua makavu yaliruhusiwa 2022 tu. Miaka ile yote mgonjwa maskini ndiye aliyelipa gharama ya kuwaridhisha polisi, na polisi wenyewe waliendelea kumkamata yuleyule aliyeshindwa bei. Mzee, nakuheshimu, lakini usiisifie sana Minnesota.

MzeeWaZamu

Sijaisifia. Basi, nimeisifia kidogo.

Kijana_KC

Sasa huyo mgonjwa wa Hays mbona hamumtaji? Desemba 2022, hapa Kansas. Mzee wa watu ana saratani ya mwisho, yuko kitandani hospitali, polisi wanaingia wanamnyang'anya kifaa chake cha mvuke na kumwandikia karatasi ya kwenda mahakamani. Kesi ikaja kufutwa baada ya watu kupiga kelele. Huo nao ni usalama barabarani?

MzeeWaZamu

Hapo umesema vizuri kuliko ulivyoanza. Hilo lilinitia aibu nikiwa Colorado, na sikuwa na sare tena.

Binti_Tambarare

Asanteni sana, nimesoma mara mbili. Nesi, mama ana kadi ya kijani, maombi ya uraia tunayaandaa, kwa hiyo umetuokoa na jambo kubwa. Kijana, nimekusamehe.

Mzee, mswada ukirudi nataka kwenda Topeka. Mimi ni raia, napiga kura, mbunge wetu hajawahi hata kuniona. Niseme nini? Nikibishana na sherifu kuhusu madawa ya kulevya atanishinda. Na kuna hiyo sheria ya 2019, ya wale watoto Claire na Lola, mume wangu anasema tayari inatulinda.

MzeeWaZamu

Mume wako ameelewa nusu. Sheria ile inahusu mafuta ya CBD, kiini cha bangi kisicholevya, yenye THC kidogo, na inachokupa ni utetezi: ukikamatwa unampelekea hakimu barua ya daktari. Haimzuii askari kukukamata. Liseme hilo kamatini, maana wabunge kadhaa wanaamini jambo la wagonjwa lilishamalizwa mwaka ule.

Usibishane na sherifu kuhusu dawa za kulevya. Mkubalie barabara. Sema unataka mwenye kadi asiendeshe gari akiwa amelewa, na uliza mafunzo ya askari wa kutambua dereva aliyelewa yatagharimu kiasi gani. Hilo swali hawalitegemei kutoka kwa mgonjwa. Mkubalie Oklahoma, kisha omba orodha ya magonjwa na kikomo cha leseni. Akishakubaliwa hayo mawili, kilichobaki mkononi mwake ni kueleza ugonjwa, na hapo mwombe mwenyekiti daktari apewe nafasi. Mlete daktari mwenyewe ikiwezekana, hata kwa maandishi. Barua ya daktari mmoja wa Overland Park mezani kwa seneta wa Overland Park inasomwa.

Maelezo yako yatume kwa karani wa kamati mapema kabla ya kikao, namba ya mswada juu kabisa, ukurasa mmoja, jina na mji wako. Vaa kanzu yako nzuri. Fika mapema ukae mstari wa pili, masherifu wakikuta umekaa hapo hawatakuondoa.

Na jambo la mwisho ulishike kwa sababu ya ile kadi ya kijani: vikao vinarekodiwa na maelezo yanabaki kwenye tovuti ya bunge miaka na miaka. Sema mama ana ugonjwa gani na analala vipi. Usiseme popote, kwa mdomo wala kwa maandishi, kwamba amewahi kutumia. Akikuuliza seneta, mjibu kwamba umekuja kuomba sheria, na umwachie swali lake.